John Wesley Hyatt

John Wesley Hyatt (28 Novemba 1837 – 10 Mei 1920) alikuwa mvumbuzi na mwenye viwanda kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kutengeneza seluloidi, plastiki ya kwanza kufanikiwa kibiashara. Kazi hiyo aliianza akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika matufe ya mchezo wa biliadi.

Pembe zilizopendwa sana kwa matufe hayo zilitoka Afrika Mashariki. Nyingi zilipita katika mji wa Bagamoyo, ambako leo ipo kata ya Dunda, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na kupakiwa kwenye meli. Kwa sababu hiyo maisha ya Hyatt yanahusiana na historia ya pwani ya Tanzania.

Baadaye Hyatt alibuni pia njia ya kuimarisha mbao ngumu ili zifae kwa matufe ya bolingi, yaani mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha vigingi kumi. Kwa jumla alipata hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) zaidi ya 200.

Maisha ya awali

Hyatt alizaliwa Starkey, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhunzi. Alisoma katika shule za kawaida za eneo lake, kisha mwaka mmoja katika seminari ya Eddytown. Hakusoma kemia chuoni, na jambo hilo ni muhimu ili kuelewa kazi yake: karibu kila alichokijua kuhusu asidi, gundi na mashinikizo alikipata kwa kujaribu.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 alihamia Illinois, akajifunza kazi ya uchapaji. Mwaka 1861 alipata hataza yake ya kwanza, kwa kifaa cha kunolea visu. Baadaye alirudi jimbo la New York, akafanya kazi ya uchapaji mjini Albany. Majaribio yake ya matufe aliyafanya usiku na siku za Jumapili, baada ya kazi.

Tufe la pembe na kasoro zake

Biliadi huchezwa kwa fimbo na matufe juu ya meza iliyofunikwa kitambaa. Katikati ya karne ya 19 mchezo huu ulienea sana katika miji ya Marekani na Ulaya. Meza na fimbo zilitengenezwa kwa mbao, lakini tufe zuri lilihitaji pembe ya ndovu. Matufe ya mbao na ya udongo yalikuwa yametumika zamani, ila hayakulingana na pembe. Pembe ni ngumu bila kuwa tepetevu wala kuvunjika ovyo, ina uzito wa kutosha, na hudunda vizuri. Tufe la pembe likigonga jingine la uzito uleule katikati, humpa mwenzake karibu mwendo wake wote.

Hata hivyo si kila pembe ilifaa. Upande wa shina, pembe ina uwazi ndani. Upande wa ncha ni nyembamba mno. Sehemu inayofaa ni ile iliyojaa, yenye upana unaozidi tufe kidogo tu. Kwa hiyo wakerezaji hawakutafuta pembe kubwa kuliko zote, bali pembe ndogo zilizonyooka, hasa za ndovu jike. Katika biashara ya pwani pembe ndogo ziliitwa kalasha. Kila moja ilitoa matufe machache tu.

Katikati ya pembe hupita mshipa mwembamba kutoka shina hadi ncha. Mkerezaji alipaswa kukata tufe ili mshipa huo upite katika kitovu chake. Katika tufe lililokatwa vizuri mshipa huonekana kama vidoa viwili vidogo vinavyoelekeana, kimoja kila upande. Vidoa visipoelekeana, maana yake mshipa umepita kando, na uzito wa tufe hauko sawa pande zote. Mnunuzi mwenye uzoefu alitazama vidoa hivyo kabla ya kutazama rangi au mng'ao.

Kasoro ya pili ilikuwa unyevu. Pembe hunywa na kutoa unyevu, na inapokauka husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ndiyo maana matufe yalikerezwa mara ya kwanza yakiwa makubwa kidogo, yakawekwa ghalani kwa miezi mingi, kisha yakakerezwa tena. Hata baada ya hapo, chumba chenye joto wakati wa baridi kiliweza kulifanya tufe liwe na umbo la yai kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, au kulipasua. Kulikereza upya kulirudisha uduara wake lakini kulilipunguza ukubwa na uzito, na hivyo halikulingana tena na wenzake.

Wachezaji walizigundua kasoro hizi kwa kutazama mwendo. Tufe linalokwenda kwa kasi huficha ubaya wake. Likisukumwa taratibu juu ya meza iliyo sawa, tufe lisilo na mizani hupinda mwishoni kuelekea upande wake mzito. Tufe jepesi kuliko lile linaloligonga hurudi nyuma baada ya mgongano, na tufe zito huendelea mbele. Mchezaji asiyejua kusoma dalili hizi angelaumu mkono wake kwa kosa lililokuwa ndani ya tufe.

Njia ya pembe kupitia Bagamoyo

Biashara ya Marekani na Zanzibar ilikuwa imekwisha kuota mizizi wakati Hyatt alipozaliwa. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani alianza kazi Zanzibar mwaka 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta vitambaa vya pamba, ambavyo hadi leo huitwa merikani au amerikani, wakarudi na pembe, sandarusi na ngozi.

Bara, pembe zilikusanywa Unyamwezi, katika nchi za Maziwa Makuu na baadaye mashariki ya Kongo. Misafara ilipita Tabora na kushuka hadi Bagamoyo, mji uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara. Kutoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, safari hiyo ilizidi kilomita 1,000 na ilichukua miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na katika misafara hiyohiyo walikuwamo pia watu waliotekwa na kufanywa watumwa. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, pamoja na vitu vyake mwenyewe. Pembe kubwa sana zilibebwa na watu wawili kwa mti. Njaa, ndui na vita vya njiani viliua wengi.

Pwani, pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16, na kuchaguliwa kwa ukubwa, unyoofu na ulaini. Pembe za Afrika Mashariki zilijulikana sokoni kuwa laini, yaani rahisi kukatwa na zisizopasuka upesi, tofauti na pembe ngumu za Afrika Magharibi. Sehemu ya pembe hizo ilikwenda India kwa bangili, sehemu ilikwenda Marekani kwa vibonye vya piano na vitana, na sehemu ikawa matufe ya biliadi.

Zawadi ya dola 10,000

Mahitaji yalipozidi, bei ya pembe nzuri ilipanda, na watengenezaji wa vifaa vya biliadi walihofia kuishiwa. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan & Collender ya New York, iliyoongozwa na mchezaji maarufu Michael Phelan, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayetengeneza tufe lisilo la pembe lenye sifa za pembe. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa mchapaji wa kawaida, na Hyatt aliamua kujaribu.

Matufe yake ya mwanzo yalitengenezwa kwa nyuzi, karatasi au vumbi la mbao lililoshikizwa kwa gundi na kushindiliwa. Alipata hataza ya tufe la aina hiyo mwaka 1865. Yalikuwa na umbo zuri, lakini hayakudunda kama pembe. Mchanganyiko uleule ulifaa kwa vitu visivyohitaji kudunda, na Hyatt na ndugu zake waliutumia kutengeneza madomino na kete za drafti.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuta chupa ya kolodioni imemwagika kabatini na kukauka kuwa utando mgumu. Kolodioni ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki na kuyeyushwa katika alkoholi na etha; wachapaji waliipaka vidoleni ili kulinda ngozi. Hyatt aliona kwamba utando huo ungeweza kulifunika tufe. Mwaka 1868 alianzisha mjini Albany kampuni ya kutengeneza matufe ya biliadi, na mwaka 1869 alipata hataza ya kuyafunika kwa kolodioni.

Utando huo ulishika moto kwa urahisi. Hyatt mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba sigara iliyowashwa ikiligusa tufe iliweza kulitia moto mara moja, na kwamba mgongano mkali ulitoa wakati mwingine mlio kama wa fataki. Alisimulia juu ya mwenye baa mmoja wa Colorado aliyemwandikia kwamba yeye hakujali mlio huo, ila kila uliposikika wanaume wote chumbani walichomoa bastola.

Seluloidi

Tatizo la kolodioni lilikuwa kwamba inapokauka husinyaa, kama pembe. Hyatt na kaka yake Isaiah Smith Hyatt walitafuta njia ya kuigeuza kuwa kitu kigumu bila kutumia kimiminika kingi. Jibu lilikuwa kafuri, ileile inayojulikana katika nyumba za Waswahili kwa harufu yake na kwa matumizi yake katika kuandaa maiti. Walichanganya kafuri na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, wakaipasha moto ndani ya kalibu chini ya shinikizo kubwa. Kafuri iliyeyuka na kuufanya mchanganyiko ulainike; ulipopoa ukawa mgumu. Hataza ya njia hiyo ilitolewa tarehe 12 Julai 1870. Jina seluloidi lilibuniwa na Isaiah.

Kwa matufe, seluloidi tupu haikutosha kwa sababu ni nyepesi kuliko pembe, na tufe jepesi hubadilisha kila mgongano mezani. Ilibidi iongezwe kitu kizito. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba matufe ya zamani ya Hyatt yalikuwa mchanganyiko wa seluloidi na unga wa mifupa ya ng'ombe. Ugunduzi huo unaeleza kwa nini matufe hayo yaliuzwa kwa miongo mingi: yalikaribia pembe kwa uzito, na hayakuwa na mshipa wa kwenda kando.

Mwaka 1870 ndugu hao walianza pia kutengeneza fizi bandia za kushikilia meno, badala ya zile za raba. Mwaka 1872 walipata hataza ya mashine ya kusukuma seluloidi laini ndani ya kalibu, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa mashine zinazotengeneza ndoo, vikombe na vifuniko vya plastiki leo. Kampuni yao ya seluloidi ilihamia Newark, New Jersey, katika majira ya baridi ya 1872–1873. Mwaka 1875 kiwanda chake kiliteketea kwa moto, kikajengwa upya.

Hyatt hakuwa wa kwanza kufikiria jambo hili. Mwingereza Alexander Parkes alionyesha plastiki ya selulosi mjini London mwaka 1862, lakini biashara yake ilishindwa. Mshirika wa zamani wa Parkes, Daniel Spill, aliishtaki kampuni ya Hyatt kuanzia mwaka 1877. Kesi iliisha mwaka 1884 kwa uamuzi kwamba Parkes ndiye aliyetangulia, na kwamba kampuni ya Hyatt ingeweza kuendelea na kazi.

Uvumbuzi mwingine na tufe la bolingi

Hyatt hakubaki katika seluloidi. Katika miaka ya 1880 alishughulika na uchujaji wa maji ya miji, akatumia dawa ya kugandisha uchafu wakati maji yakielekea kwenye chujio. Alibuni kinu cha kukamua miwa na cherehani ya kushona mikanda ya mashine. Katika miaka ya 1890 alianzisha kampuni ya beringi za rola, ambayo baadaye iliongozwa na Alfred P. Sloan na kuingia katika General Motors.

Kati ya kazi zake za baadaye ilikuwamo njia ya kuimarisha mbao ngumu za Marekani ili zitumike kwa matufe ya bolingi, vichwa vya fimbo za gofu na nyundo za mbao. Wakati huo matufe ya bolingi yalitengenezwa kwa mti mzito sana kutoka Karibi uitwao lignum vitae. Mti huo ulikuwa na shida zilezile za pembe: ulitoka mbali, ulipasuka, na nyuzi zake hazikuwa na uzito sawa kila mahali. Hyatt alilijibu swali la bolingi kama alivyolijibu la biliadi, yaani kwa kutengeneza malighafi iliyo sawasawa badala ya kutafuta kipande kizuri cha maumbile.

Mbao hazikudumu katika mchezo huo. Matufe ya raba ngumu yalianza kuuzwa mwaka 1905, na baadaye yakaja ya plastiki ya poliesta, ya urethani na, kuanzia miaka ya 1990, ya resini inayoshika njia kwa nguvu zaidi.

Kuchagua tufe baada ya Hyatt

Hyatt alitafuta tufe linalokwenda moja kwa moja. Katika biliadi lengo hilo limebaki. Matufe ya leo, pamoja na yale yanayotumika katika meza za pool kwenye baa za Tanzania, hutengenezwa kwa kawaida kwa resini, na yaliyo bora ni ya resini ya fenoli, ya jamii ya bakelite iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Kipimo cha ubora ni kilekile: uduara, uzito unaolingana, na kitovu kilicho katikati.

Katika bolingi mambo yamegeuka. Tufe la kisasa lina kiini kizito kilichopewa umbo maalumu ili lipinde kabla ya kufika kwenye vigingi. Njia ya kuchezea ina urefu wa futi 60 (mita 18.29) hadi kigingi cha mbele, na tufe lisizidi ratili 16 (kilo 7.26). Sehemu ya mbele ya njia hupakwa mafuta na sehemu ya mwisho huachwa kavu. Tufe huanza kwa kuteleza, kisha hushika na kupinda, mwishowe huviringika.

Mchezaji huchagua kwanza uzito anaoumudu bila kulazimisha bega, halafu ganda. Ganda laini la poliesta huenda karibu moja kwa moja na hufaa kwa kigingi kimoja kilichosalia. Ganda la resini hupinda zaidi. Kisha husoma mwendo: tufe likipinda mapema, mafuta yamekwisha mahali hapo au ganda linashika mno, na mchezaji husogea au hubadili tufe, lisipopinda, mafuta ni mengi. Alama ya mafuta inayobaki juu ya tufe huonyesha lilikuwa likizunguka kwa upande gani.

Matokeo kwa ndovu

Mara nyingi husemwa kwamba Hyatt aliwaokoa ndovu. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Vitana, vibonye na vipini vya seluloidi vilipunguza haja ya pembe, magamba ya kasa na mifupa, lakini wachezaji mashuhuri wa biliadi waliendelea kudai matufe ya pembe hadi karne ya 20, na viwanda vya piano viliongeza ununuzi. Pembe ziliendelea kushuka Bagamoyo katika miaka yote ambayo seluloidi ilikuwa ikiuzwa Newark.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Biashara yake ilififia pale reli zilipojengwa kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Haikuuawa na plastiki. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkataba wa CITES wa mwaka 1989, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza hatua hiyo.

Mchango wa Hyatt ni kuthibitisha kwamba pembe si lazima. Kabla yake, mchezaji aliyetaka tufe la kuaminika hakuwa na njia nyingine ila mnyama aliyeuawa na mzigo uliobebwa na watu kwa miezi. Baada yake, alikuwa na uchaguzi.

Kifo na kumbukumbu

Mwaka 1914 Hyatt alipewa Medali ya Perkin, tuzo kubwa ya kemia ya viwandani nchini Marekani, ingawa hakuwa mkemia wa chuo. Alifariki Short Hills, New Jersey, tarehe 10 Mei 1920, akiwa na umri wa miaka 82. Tufe lake la biliadi la mwaka 1868 limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington.